Mbunge Hana Mfuko: Jinsi Miradi ya Mtaani Inavyoombewa Fedha za Serikali ya Shirikisho Nchini Marekani

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, na katibu aliisoma kwa sauti katika ukumbi wa chini wa kanisa ambao jumuiya yetu huazima kila Jumamosi. Ilianza na salamu kwa Mheshimiwa, ikaeleza vita vilivyotutoa Kivu, miaka ya kambini Nyarugusu, baridi ya mji huu, vijana wasio na pa kwenda baada ya masomo, na akina mama wanaopika kwa zamu katika jiko lenye plati nne ambazo mbili tu ndizo zinazowaka. Ikamalizia kwa kumsihi mwakilishi wetu katika Bunge la Marekani atusaidie kupata kituo chetu wenyewe. Baadhi ya wazee walifuta machozi. Nilipoulizwa maoni yangu nilipata taabu kujibu, kwa sababu kila neno lililosomwa lilikuwa kweli, lakini katika kurasa zote mbili hapakuwa na bei hata moja, hapakuwa na anwani ya jengo, wala hapakuwa na jina la chombo ambacho kingepokea fedha hizo na kuzitolea hesabu.

Mwishowe niliwaambia kwamba mbunge wa hapa hana fedha za kugawa. "Sasa kama mbunge hana hela, mwalimu, hizo zinazotajwa kwenye habari ni za nani?" aliuliza mama mmoja aliyekaa karibu na mlango. Makala hii ni jibu la swali lake, nililolitoa siku ile kwa haraka na ambalo linastahili kutolewa kwa utulivu.

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili katika miji kama Louisville, Des Moines, Phoenix na Dallas tumetoka, au tumepitia, katika nchi ambako mbunge na mfuko wa jimbo ni chanda na pete. Nchini Kenya mfuko wa maendeleo ya majimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya serikali na kuyagawa majimboni. Nchini Tanzania kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Katika mpangilio wa namna hiyo, mwananchi anayemwendea mbunge anamwendea mtu aliyekaa karibu na fedha ambazo tayari zimepangiwa jimbo lake, na kazi inayobaki ni kumshawishi yeye na kamati yake kwamba zahanati hii itangulie darasa lile. Marekani haina mfuko kama huo. Mwakilishi au seneta hana akaunti ya miradi, hasaini hundi, na bajeti ya ofisi yake ni ya kulipia wafanyakazi, safari na shughuli za ofisi tu. Anachoweza kufanya ni kuomba mstari mmoja uandikwe ndani ya sheria.

Msingi wa jambo hili uko katika Katiba ya Marekani, Ibara ya kwanza, kifungu cha tisa, inayokataza fedha yoyote kutoka Hazina isipokuwa kwa matumizi yaliyoidhinishwa kwa sheria. Ndiyo maana kila mwaka Bunge hushughulikia miswada 12 ya matumizi, kila mmoja ukitayarishwa na kamati ndogo yake katika Baraza la Wawakilishi na nyingine katika Seneti, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Oktoba. Sehemu kubwa ya fedha hizo hupewa wizara na wakala kwa jumla, nazo baadaye hutangaza ruzuku na kuwashindanisha waombaji. Katika njia tunayoieleza hapa, Bunge halimwachii afisa wa wizara achague. Linataja lenyewe, katika jedwali linaloambatana na sheria, kwamba fedha za akaunti fulani ya wizara fulani zitakwenda kwa mpokeaji fulani, kwa mradi fulani, kwa kiasi fulani, na pembeni huandikwa majina ya wabunge walioomba. Mstari wenyewe ni mfupi kuliko sentensi hii, lakini ndio unaotafutwa na kila anayebisha hodi.

Kwa Kiingereza fedha za namna hii zimeitwa kwa muda mrefu earmark, neno lililotoka kwa wafugaji, likimaanisha alama inayokatwa kwenye sikio la mnyama ili ajulikane ni wa nani hata akichanganyika na kundi la watu wengine. Mfugaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Dola zilizo Hazina ni kundi kubwa lisilo na mwenyewe mmoja, na mbunge anaomba chache kati yake zikatwe sikio kwa jina la mji wake. Leo neno hilo la zamani huepukwa katika maandishi rasmi: Baraza la Wawakilishi huita utaratibu wake Community Project Funding, na Seneti huita wa kwake Congressionally Directed Spending. Ukiingia katika tovuti ya mbunge wako, majina hayo mawili ndiyo ya kutafuta.

Kubadilishwa kwa jina kuna historia, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini fomu za leo zinauliza maswali mengi kiasi hicho. Mwaka 2005 sheria kubwa ya barabara na usafiri ilitenga dola milioni 223 kwa ajili ya daraja la kuunganisha mji wa Ketchikan, Alaska, na kisiwa cha Gravina, chenye uwanja wa ndege wa mji huo lakini chenye wakazi wapatao 50 tu, huku abiria wakiwa tayari wanavushwa kwa kivuko. Nchi nzima ililipiga kelele daraja hilo, na mwaka 2007 jimbo la Alaska lenyewe liliuacha mpango huo. Mwaka uleule wa 2005 mwakilishi wa California, Randy Cunningham, alikiri mahakamani kupokea hongo ya dola milioni 2.4 kutoka kwa makandarasi wa mambo ya ulinzi aliokuwa akiwatafutia fedha, na Machi 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka minane na miezi minne. Masharti ya uwazi yaliongezwa mwaka 2007, lakini hasira ya wapiga kura haikupoa, na kuanzia mwaka 2011 mabaraza yote mawili yaliacha kabisa kutoa fedha hizo.

Zilirudi mwaka 2021, kwa bajeti ya mwaka wa fedha 2022, baada ya Rosa DeLauro, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Baraza la Wawakilishi, na Patrick Leahy wa Seneti kutangaza utaratibu wenye masharti mapya. Kampuni za kutafuta faida ziliondolewa. Kila mbunge alitakiwa kuweka hadharani kwenye tovuti yake kila ombi analolipeleka, pamoja na jina na anwani ya mpokeaji, kiasi, na maelezo ya kwa nini hayo ni matumizi yanayofaa ya fedha za walipa kodi, na kuthibitisha kwa maandishi kwamba yeye na familia yake ya karibu hawana maslahi ya kifedha katika mradi huo. Baraza la Wawakilishi liliongeza sharti la kuonyesha ushahidi kwamba jamii yenyewe inautaka mradi, likaweka ukomo wa maombi 10 kwa kila mwakilishi, ambao mwaka uliofuata ulipandishwa hadi 15, na Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ikapewa kazi ya kukagua sampuli ya miradi iliyofadhiliwa. Warepublican walipochukua Baraza mwaka 2023 wengi walidhani utaratibu ungefutwa tena, lakini waliuendeleza, wakapunguza ukomo wa jumla kutoka asilimia moja ya matumizi ya hiari, yaani yale ambayo Bunge huyapangia upya kila mwaka, hadi nusu asilimia na kuziondoa baadhi ya akaunti.

Mwaka wa fedha 2022 ulipitisha miradi karibu 5,000 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 9, na mwaka wa fedha 2023 miradi zaidi ya 7,200 yenye dola bilioni 15.3. Ni fedha nyingi masikioni, lakini jimbo moja la uchaguzi la Baraza la Wawakilishi lina wastani wa watu 760,000, wenye mitaro mibovu, magari ya zimamoto yaliyochakaa, madaraja, maktaba na vituo vya wazee, na wote hao wanagombea nafasi hizo chache. Mfanyakazi wa ofisi ya mbunge anayesoma maombi haketi akitafuta nani anateseka zaidi. Anatafuta mradi ambao, ukitajwa kwenye jedwali mwezi Machi, hautamwaibisha mbunge wake miaka mitatu baadaye kwa kubaki shimo lililozungushiwa uzio.

Hapo ndipo barua yetu ya machozi ilipokosea, na ningependa nikae kidogo katika jambo hili kwa sababu ndilo ninaloona likitukwamisha mara kwa mara. Kila ombi lazima liingizwe katika akaunti mahususi ya wizara mahususi, na kila akaunti ina sheria iliyoianzisha na mipaka yake. Fedha za maji safi na maji taka hupita kwa Wakala wa Ulinzi wa Mazingira, ambako mpokeaji kwa kawaida hutakiwa kuchangia asilimia 20. Kwa hiyo mradi wa dola 1,000,000 unaweza kupata dola 800,000 za shirikisho, na mji au kaunti ilete dola 200,000 zilizobaki kutoka chanzo kisicho cha shirikisho. Majengo ya huduma vijijini hupita kwa Wizara ya Kilimo. Vifaa vya polisi na baadhi ya miradi ya kuzuia uhalifu hupita kwa Wizara ya Sheria. Vituo vya jamii mijini, vya aina tuliyokuwa tukiiota sisi, kwa kawaida huangukia akaunti ya maendeleo ya kiuchumi iliyo chini ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, maarufu kama HUD. Mtu asiyeweza kusema ombi lake ni la akaunti gani bado hajaandika ombi, hata kama ameandika kurasa kumi.

Katika akaunti hiyo ya HUD pana kikwazo kinachozigusa jumuiya zetu moja kwa moja. Katika mwongozo wa mwaka wa fedha 2025, Baraza la Wawakilishi liliziondoa asasi zisizotengeneza faida katika orodha ya wanaoweza kupokea fedha za akaunti hiyo, likaziacha kwa miji, kaunti, majimbo na vyombo vingine vya umma, wakati Seneti haikuweka katazo hilo. Kwa asasi ndogo ya wakimbizi maana yake ni kwamba mlango wa mwakilishi unaweza kufungwa huku wa seneta ukiwa wazi kwa mradi uleule, na kwamba mara nyingi njia ya busara ni kuuacha mji wenyewe uwe mwombaji na mwenye jengo, ninyi mkiwa watumiaji kwa mkataba wa maandishi. Najua jinsi neno "chetu wenyewe" lilivyo tamu kwa watu waliopoteza nyumba. Lakini halmashauri ya mji ina mhasibu, ina mwanasheria, ina afisa aliyekwisha kushughulikia ruzuku za shirikisho, na ina uwezo wa kulipa fundi leo na kusubiri kurudishiwa fedha baada ya miezi. Sisi tuna mweka hazina anayefanya kazi kiwandani zamu ya usiku.

Miongozo hiyo hubadilika kila mwaka, kila kamati inapopata mwenyekiti mpya au mawazo mapya, na hakuna kosa la kipuuzi kama kujaza fomu ya mwaka huu kwa masharti ya mwaka jana. Kila mbunge hujiwekea pia tarehe yake ya mwisho ya kupokea maombi, mara nyingi kati ya Februari na Aprili, na hutokea fomu ikawa wazi kwa wiki chache tu. Wapo wabunge wasiopokea maombi kabisa, kwa sababu wanauchukia utaratibu huu kwa imani, na hao hawashawishiki kwa barua. Ukiwa na mwakilishi wa namna hiyo, jimbo lako bado lina maseneta wawili, na hakuna kinachokuzuia kupeleka ombi lilelile kwa wote wawili. Tena, hata pale mwakilishi anapokubali, ni vyema seneta naye awe ameuomba mradi huo, kwa kuwa mabaraza mawili yanapokutana kuoanisha miswada yao, mstari wenye watetezi pande zote mbili hauachwi kirahisi kama ule wenye mmoja.

Kuhusu uwezo wetu wa kuomba, nimesikia mara nyingi kwamba mtu ambaye hajawa raia hana cha kumwambia mbunge. Si kweli. Viti vya Baraza la Wawakilishi hugawiwa majimbo kwa hesabu ya watu wote waliohesabiwa katika sensa, wawe raia au wasiwe, na mwakilishi anahudumia wakazi wote wa eneo lake. Mkimbizi aliyefika mwaka jana anaweza kuandika barua ya kuunga mkono mradi, na barua hiyo ina uzito ikiwa inasema jambo mahususi: kwamba mwandishi anaishi mtaa fulani, kwamba wanawe watatu husubiri basi kwa dakika 40 kufika kituo kilicho karibu zaidi. Barua 30 zilizonakiliwa neno kwa neno hazizidi moja. Inayotafutwa zaidi ni barua ya meya, ya mkuu wa shule, ya hospitali, ya jirani asiye wa kabila wala lugha yetu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kituo ni cha mtaa.

Kazi ya kwanza ya kweli ni kusoma maombi yaliyopita. Kwa kuwa sheria za uwazi zinawalazimisha wabunge kuyatangaza, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona mwakilishi wake aliomba nini mwaka uliotangulia, kwa ajili ya nani na kwa kiasi gani, na hapo atatambua anapendelea nini. Akiona miradi 15 ambayo 11 kati yake ni ya maji taka na barabara, atajua kwamba kituo cha vijana kinahitaji kuelezwa kwa namna inayomgusa mbunge huyo. Kisha ofisi ya wilayani, ile iliyo karibu na nyumbani, ndiyo ya kuanzia, si ile ya Washington. Wafanyakazi wake wanaujua mji, hufika kwenye sherehe zetu wakialikwa, na hupenda kuuona mradi kwa macho kabla ya kuuona kwenye karatasi. Mwalikeni mfanyakazi huyo mwezi Oktoba au Novemba, siku ambayo paa linavuja.

Na mkimwalika, msimpe zawadi. Tumelelewa tukijua kwamba mkono mtupu haulambwi, na mgeni wa heshima hatoki kwetu bila kitenge au kuku, lakini kanuni za maadili za Bunge zinabana mno kupokea vitu, na kumpa mtumishi wa umma kitu ili atende jambo fulani ni kosa la jinai. Chai na mandazi ya mkutano inatosha. Vilevile asasi isiyotengeneza faida iliyosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi hairuhusiwi kabisa kumpigia kampeni mgombea wala kumchangia, ingawa inaruhusiwa kwa kiasi kidogo kuwashawishi wabunge kuhusu sheria, na kuomba fedha za bajeti kunahesabiwa humo. Saa na gharama zilizotumika ziandikwe kwenye daftari. Tahadhari nyingine ni ya matapeli wa adabu. Chombo chochote kitakachopokea fedha za shirikisho lazima kisajiliwe katika SAM.gov, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanaopokea fedha zake, na kupewa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Usajili huo ni bure na huhuishwa kila mwaka, lakini mara tu jina lenu linapoonekana humo mtaanza kupokea barua pepe zenye nembo zinazofanana na za serikali zikidai mamia ya dola ili "kukamilisha" usajili. Zifuteni.

Tukifika kwenye ombi lenyewe, sehemu inayolibeba ni bei. Ofisi ya mbunge inataka kujua gharama yote ya mradi, kiasi kinachoombwa, fedha nyingine zitatoka wapi, na kama mbunge akifanikiwa kupata nusu tu mradi utafanya nini. Swali hili la mwisho huwashtua wengi, lakini kamati hupunguza viwango kila mwaka, na jibu la kwamba bila fedha zote hakuna kitakachojengwa ni sababu ya kutochaguliwa. Bei isitoke kichwani. Iwe na makadirio ya mhandisi au msanifu majengo, yaliyoandikwa karibuni, yakitenganisha paa, umeme, mabomba na jiko, na kuacha akiba ya kupanda kwa bei, kwa kuwa kati ya siku ya kuomba na siku ya kupiga nyundo inaweza kupita miaka miwili au zaidi. Fedha hizi kwa kawaida ni za mara moja. Hazilipi madeni ya zamani, hazirudishi gharama za kazi iliyokwisha kufanyika kabla ya sheria kupita, na hazifai kwa mishahara ya miaka ijayo. Kwa hiyo eleza pia nani atalipa bili ya umeme wa jengo hilo likishakamilika.

Ombi likichaguliwa na mbunge, linakwenda kwenye kamati ndogo inayohusika, ambako wataalamu wa bajeti hulipima kwa masharti ya akaunti. Likipita linaingia katika mswada wa baraza, kisha baraza jingine, kisha maafikiano, kisha saini ya rais. Katika kila hatua linaweza kuanguka bila kosa lolote la mwombaji. Mfano mchungu zaidi ni wa juzi tu. Miji na asasi kote nchini zilipeleka maombi katika majira ya kuchipua ya 2024 kwa ajili ya mwaka wa fedha 2025, wabunge wakachagua, kamati zikaorodhesha, magazeti ya miji yakatangaza pongezi. Bunge halikukubaliana juu ya miswada ya kawaida, na tarehe 15 Machi 2025 ikasainiwa sheria ya kuendeleza matumizi kwa mwaka mzima ambayo haikubeba miradi hiyo. Maelfu ya mistari yalipotea kwa saini moja. Asasi iliyokwisha kusaini mkataba na mkandarasi kwa kutegemea tangazo la mbunge ilibaki na deni, na tangazo. Kwa hiyo mtu asiseme "tumepata" mpaka sheria imesainiwa na jina lake limo kwenye jedwali.

Jina hilo nalo likaguliwe herufi kwa herufi tangu siku ya kujaza fomu. Mpokeaji akiandikwa kwa jina la mazoea badala ya jina lililosajiliwa, au mradi ukielezwa kama ununuzi wa jengo wakati mnataka kukarabati, wizara haina mamlaka ya kubadilisha maneno ya Bunge kwa hisani. Huenda ikalazimu kungoja sheria nyingine ije na marekebisho.

Hata sheria ikisainiwa, hundi haiji kwa posta. Mbunge sasa amemaliza kazi yake, na mpokeaji anakabidhiwa kwa wizara, ambayo itamtumia fomu, itataka bajeti ya kina, itasaini naye mkataba wa ruzuku, na itasimamia sheria zote zinazofuata fedha za shirikisho: manunuzi kwa ushindani, kumbukumbu za kila dola, masharti ya kutumia chuma na vifaa vya ujenzi vilivyotengenezwa Marekani, na ukaguzi kamili wa hesabu kwa anayetumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho katika mwaka mmoja wa hesabu. Mara nyingi fedha hutolewa kwa kurudishiwa ulichokwisha kulipa au kwa awamu zenye stakabadhi.

Mtego ambao ningependa kila kamati ya ujenzi iuandike ukutani ni wa tathmini ya mazingira. Kwa miradi ya HUD, tangu fedha zinapoidhinishwa mpokeaji hatakiwi kuchukua hatua inayofunga uchaguzi, kama vile kununua kiwanja, kusaini mkataba wa ujenzi au kubomoa ukuta, mpaka tathmini ya athari kwa mazingira ikamilike na kukubaliwa. Haijalishi kwamba amelipa kwa fedha zake mwenyewe. Jumuiya yenye furaha, iliyochangisha sadaka na kununua jengo wiki moja baada ya kusikia habari njema, inaweza kuwa imeupoteza mradi wote kwa furaha hiyo.

Nilieleza haya yote, kwa maneno machache zaidi, katika ukumbi ule wa chini. Kulikuwa na kimya, kisha mzee mmoja akasema kwamba basi barua ile isichanwe, ibaki kwenye jalada, kwa kuwa siku mfanyakazi wa mbunge atakapokuja kutembelea atahitaji kujua sisi ni akina nani. Wote tulikubali. Katibu alichukua karatasi nyingine, tukakaa naye hadi saa nne usiku, na wiki mbili baadaye, baada ya kuonana na afisa wa mji na kupata makadirio ya msanifu, ombi jipya lilianza hivi: "Mji unaomba fedha za kukarabati paa, mfumo wa umeme na jiko la jengo unalolimiliki, lililofungwa kwa sasa, ili litumike kama kituo cha mafunzo na chakula kwa wakazi wa mtaa, gharama yote imekadiriwa na msanifu aliyesajiliwa, na mji umetenga sehemu yake." Mama aliyekaa karibu na mlango aliomba sentensi hiyo isomwe mara ya pili, kisha akauliza kama makadirio ya jiko yamehesabu plati sita au nne.